Bampa la Gari la Harusi

Watu wanaoniletea vyuma vyao siku hizi huja wakiwa wamekwisha kuviharibu. Mmoja amesugua bampa kwa msasa. Mwingine amelimwagia maji ya betri kwa sababu jamaa fulani wa barabarani alimwambia yanakula kutu. Wanapanda ngazi za gorofa letu hapa mtaani Pipeline mpaka juu kabisa, kwenye paa, ambako nafanyia kazi katikati ya kamba za nguo za majirani. Wanafika wakihema, wanafunua gunia, wanangoja niwahurumie. Mimi huwagombeza kwanza. Nawauliza kama uso wao pia wanauosha kwa msasa.

Kromu si chuma, nawaambia. Ni ngozi iliyovishwa juu ya chuma, nyembamba kuliko karatasi. Kabla hujaigusa, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukiteleza, mkwaruzo uko juujuu, utatoka. Ukucha ukinasa, ngozi imepasuka, na hapo nyumbani huwezi kuponya, unaweza kuficha tu. Osha kwa sabuni, kausha. Penye kutu chukua foili ile ya kufungia chakula, ikunje, ichovye majini, sugua polepole, kwa sababu foili ni laini kuliko kromu, inaondoa kutu na kuiacha ngozi. Kisha dawa ya kung'arishia, kidogo tu, kwa fulana kuukuu ya pamba, sehemu ndogo ndogo, mpaka kitambaa kiwe cheusi. Geuza kitambaa, endelea. Mwisho nta. Ukisugua kwa hasira utaipita kromu ukutane na rangi ya manjano iliyo chini yake, na ukishaiona hiyo, maji yamekwisha kumwagika.

Haya yote nilifundishwa na baba yangu kule Buruburu, na hakunifundisha kwa upendo.

Baba alikuwa karani wa serikali aliyestaafu, na mzee wa kanisa. Gari lake lilikuwa la zamani, jeupe, lenye mabampa ya chuma mbele na nyuma, si haya ya plastiki ya leo. Aliliegesha mbele ya nyumba, ndani ya korti yetu, ule ua wa nyumba zinazotazamana, na kila Jumamosi asubuhi alilipangusa huku majirani wakipita na kumsifu. "Ukiona vyaelea, vimeundwa," alikuwa akiwajibu. Kijana wa kanisa akioa, upande wa bwana harusi ndio hutafuta gari la kumleta bibi harusi, na mtaani mwetu kwa miaka mingi gari hilo lilikuwa la baba. Hakulikodisha. Aliliendesha mwenyewe, kwa suti na glavu nyeupe, na ukifungua albamu za harusi za nusu ya korti ile utaliona tumbo lake karibu na bampa. Nilipokuwa mdogo alipenda kuniambia kwamba siku yangu ikifika nitakaa kiti cha nyuma na nisiguse kitu.

Siku yangu haikufika. Nilirudi nyumbani kutoka chuoni nikiwa na mimba. Aliyenipa mimba alikuwa kijana wa korti hiyo hiyo yetu, ambaye aliniambia ningoje kidogo aongee na mama yake. Ningali nangoja.

Kanisa letu lilikuwa na taratibu zake. Msichana akizaa nyumbani alitengwa. Hakuja kwenye Meza ya Bwana, hakuimba kwaya, alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na mtoto wake hakubatizwa mpaka wazee wa kanisa wakae na kukubali jambo hilo limalizwe. Mwanamume naye alitengwa, akitajwa. Mimi sikumtaja. Baba aliniambia kwamba nikilitoa jina hilo nje ya nyumba yake, nitafute nyumba nyingine. Yeye alijua. Mama alijua. Kila mwenye macho alijua, maana mtoto alizaliwa na masikio ya upande ule, makubwa, yaliyosimama, na hakuna kofia iliyoweza kuyalaza.

Alikuwa msichana, na kifua chake kilikuwa kibovu tangu mwanzo. Mvua zilipoanza alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Wakati ule nilitaka jambo moja tu duniani: nimbebe mwanangu kwa mikono yangu mpaka mbele ya kanisa, mchungaji ammwagie maji, apewe jina, nami niitwe mama yake watu wote wakisikia. Niliogopa kwamba akifa kabla ya hapo atazikwa bila mchungaji na bila jina. Baba alikuwa akimwita "hicho kitu chako." Hicho kitu chako kinalia. Hicho kitu chako kimelowesha kochi. Hakuwahi kumshika.

Alasiri moja alikuja mama ya yule kijana. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, mwanamke wa sauti ndogo na mkoba mkubwa, na alipewa chai kwenye vikombe vya wageni. Mimi nilikuwa pale pale sebuleni, namnyonyesha mtoto.

"Mzee wetu," alisema, "Mungu ametutendea. Kijana amepata mtu. Nimekuja kuomba lile gari."

Nilimtazama baba. Nilingoja amfukuze. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

"Mama mwenyekiti," baba akasema, "hilo gari si la kuombwa. Hilo ni lenu."

Mgeni alishukuru, akaketi vizuri, kisha akanigeukia. Alinyoosha kidole, akakisukuma nyuma kikofia cha mtoto, akayatazama yale masikio bila haraka yoyote.

"Ni mzuri," alisema. "Amechukua sura ya nani?"

"Ya Mungu," mama alijibu upesi.

"Na mnamwitaje?"

"Bado hatujampa jina."

Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Jina la mwanangu lilikuwa limekaa palepale kwenye kochi letu, likichovya mkate kwenye chai yetu. Akakirudisha kikofia, akafunga kamba chini ya kidevu, akaniambia nisiache mtoto apigwe na baridi.

Aliyeliharibu bampa ni mama. Alitaka kusaidia, na hapo ndipo balaa nyingi za nyumba yetu zilipotoka. Mama alilelewa Murang'a, ambako mwanamke hupimwa kwa sufuria zake. Mgeni akiingia jikoni azikute zimepangwa zimegeuzwa matako nje, zinang'aa mpaka ajione meno. Kesho yake, baba alipokuwa kwenye mkutano wa wazee, mama alichukua stilwaya, ile sufi ya chuma ya kusugulia masufuria, akachota jivu kwenye jiko la makaa, akatoka nje akalisugua bampa la mbele kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa nguvu zake zote. Sufuria ikisuguliwa hivyo hung'aa. Kromu ikisuguliwa hivyo hufa.

"Hebu kuja uone," aliniita huku akijipangusa jasho. "Mbona imekataa?"

Bampa lote lilikuwa limefifia, limejaa mistari midogo iliyozunguka na kuzungukana, na mahali ambapo jivu lilikuwa na vipande vya makaa palikuwa na mikwaruzo mirefu. Nilipitisha ukucha. Mahali pengi uliteleza. Mahali pengine ulinasa.

Baba alirudi, akasimama mbele ya gari. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alivua koti akampa mama, naye mama akalipokea akaingia ndani akafunga mlango.

"Haya umetuletea wewe," aliniambia.

"Mimi? Mimi sikuligusa."

"Mama yako asingeshika bampa langu kama asingekuwa na aibu ya kuosha."

Hukumu ikawa imetoka. Akanipa masharti palepale, kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma taarifa za kanisa. Nitalirudisha bampa kama lilivyokuwa, kwa mikono yangu, yeye akinielekeza. Matangazo ya ndoa yatakaposomwa kanisani, nitakaa kimya. Harusi ikipita salama, mtoto atabatizwa. Yeye baba atasimama mwenyewe mbele ya wazee alizungumze jambo hilo, na mtoto ataenda kanisani kwa gari hili hili.

"Kweli, Baba?"

"Lini umenisikia nikidanganya?"

Na kweli sikuwahi kumsikia. Baba alikuwa na kasoro nyingi, lakini uongo haukuwa mojawapo. Nilikubali kabla hajamaliza kuvua viatu.

Basi nikaanza kusugua. Kila asubuhi, mtoto akishaota jua, nilimlaza ndani ya karai lililotandikwa blanketi, nikaliweka karibu na gurudumu, nikapiga magoti. Baba aliketi kando kwenye kiti cha jikoni na kikombe chake. Alinionyesha foili, alinionyesha dawa ya meno kwa mikwaruzo myepesi, alinionyesha jinsi ya kuzungusha kidole ndani ya fulana bila kukaza mkono. Alijua kazi, siwezi kumnyima hilo. Nikikosea, nikavuta mkono kwa mstari mrefu badala ya kuzungusha, aliinua kikombe chake. Alimwaga masazo ya chai mahali pale nilipokuwa nimekwisha kupang'arisha, nikaosha, nikaanza upya. Nikikaa chini ninyonyeshe aliniambia, "Kanyonyeshe ndani. Watu wanapita."

Jaribio lake lilikuwa gazeti. Alilisimamisha mbele ya bampa, akainama, akajaribu kukisoma kichwa cha habari ndani ya kromu, kikiwa kimegeuka. Asipoweza kusoma alisema "Bado," akalikunja gazeti, akaenda zake. Neno hilo nililisikia mpaka nikawa nalisikia hata akiwa hayupo. Majirani walisimama kuniangalia. Mwanamke mmoja alimwambia baba, mimi nikisikia, kwamba ni vizuri kumpa kazi, kazi inafunza.

Ile mikwaruzo ya ndani haikuwa na dawa. Nilileta chupa ya rangi ya kucha niliyotoka nayo chuoni, ile isiyo na rangi, nikaijaza kwenye kila mstari kwa brashi yake, nikangoja ikauke, nikapangusa. Ukisimama wima huoni kitu.

"Hiyo chupa hatimaye imefanya kazi ya maana," baba akasema.

Jumapili matangazo yalisomwa. Mimi nilikuwa kwenye benchi langu karibu na mlango, na bwana harusi alikuwa mbele na mchumba wake, msichana mpole wa mtaa wa Ziwani ambaye hakuwa amenikosea chochote. Mchungaji akataja majina, akauliza kama kuna mtu yeyote anayejua sababu ya kuzuia ndoa hii. Huwa wananyamaza kidogo hapo, ni utaratibu tu. Katika kimya hicho mwanangu akakohoa, kikohozi kile kirefu, na kanisa zima likageuka. Baba hakugeuka. Niliiona shingo yake tu, na kola yake safi ambayo nilikuwa nimeipiga pasi mimi. Nikamziba mtoto mdomo kwa mkono wangu, nikainamisha kichwa. Mchungaji akaendelea na sadaka.

Siku ya kuamkia harusi, bwana harusi alikuja kuliona gari. Tangu anipe ile ahadi ya kungoja hatukuwa tumeongea.

"Niaje," alisema.

Niliendelea kupangusa.

"Ah, hii ndinga imeiva. Mzee wako ni mtu poa sana."

Akachuchumaa mbele ya bampa akajitazama, akatengeneza kola. Karai lilikuwa hapo hapo karibu na goti lake. Mtoto aliuona uso wake ukitembea ndani ya kromu, akacheka, akaunyooshea mkono. Nilimwona kijana akimwona mtoto, lakini ndani ya bampa tu. Hakushusha macho kwenye karai hata mara moja. Ningeweza kumpiga na kopo la maji nililokuwa nimeshika, na hadi leo najua hasa ni sehemu gani ya kichwa ningelenga.

Kisha akagusa bampa kwa kidole.

"Hapa bado kuna kalaini kadogo ka mkwaruzo. Si upitishe tena? Hii side ndiyo ya picha."

"Nitapitisha," nikasema.

Alipoondoka nikapangusa alama ya kidole chake, nikapapitia tena mahali pale, polepole, kwa mkono mwepesi. Nilikuwa nasugulia ubatizo wa mwanangu. Kwa ajili hiyo ningesugua hata viatu vyake.

Jumamosi baba alilisoma gazeti ndani ya bampa kutoka kichwa cha habari mpaka jina la gazeti. "Sawa," alisema. Akina mama wakaja wakiimba, wakafunga utepe wa waridi juu ya boneti, na baba akavaa glavu. Mimi na mtoto tulibaki ndani. Gari liliporudi jioni lilikuwa na vumbi na punje za mchele zilizonasa kwenye utepe, nikaliosha kabla sijaambiwa. Harusi ilikuwa imepita salama. Mama mwenyekiti alipitia kwetu kushukuru, akamwambia baba kwamba kila mtu ameuliza gari lile ni la nani.

Baba akatimiza neno lake. Alienda kwa wazee, akarudi, akasema wakati anavua kofia, "Ni Jumapili hii." Nililia jikoni kwa furaha. Mama alinishika bega, lakini hakunitazama, na mimi nikadhani naye analia. Nilifua gauni langu jeupe, nikalipiga pasi. Nilimshonea mtoto utepe kwenye kofia.

Asubuhi ile jua lilikuwa kali na bampa liling'aa mpaka ukutani mwa jirani. Baba alikuwa tayari kwenye usukani. Mama aliketi kando yake na kitambaa cheupe cha akina mama kichwani.

"Nipe mtoto," alisema.

Nikampa kupitia dirishani, nikaenda kufungua mlango wa nyuma. Ulikuwa umefungwa. Nikavuta tena.

"Wewe tembea," baba akasema. "Aliyetengwa hapandi gari moja na mtoto wa ubatizo."

Wakaondoka. Nilikasirika, kisha nikajituliza. Nilijiambia kwamba mzee lazima aniume kidogo ndipo ashibe, na leo namruhusu aume, kwa sababu leo ni leo. Nikavua viatu vya visigino nikakimbia na barabara nikivishika mkononi. Watu walinicheka.

Kanisani, mama wa zamu alinizuia mlangoni akanionyesha benchi langu.

"Leo ni ubatizo wa mwanangu," nikamwambia. "Nakaa mbele."

Alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniogopesha. "Keti kwanza, mama," alisema.

Wakaitwa wenye watoto. Baba na mama walisimama, wakaenda mbele, mama akiwa amembeba mwanangu ndani ya shali nyeupe. Nilisimama pia. Mchungaji akauliza, "Wazazi wa mtoto huyu ni nani?"

"Ni sisi," baba akajibu.

Hakuna aliyeguna. Walikuwa wamekwisha kuambiwa, wazee na wake zao, na mama mwenyekiti kwenye benchi la mbele alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa upole. Akaulizwa jina. Baba akataja jina la dada yake. Kwetu jina la shangazi mwanamume humpa binti yake mwenyewe, mdogo, akishamaliza kuwataja bibi wa pande zote mbili. Hakulitaja la mama mwenyekiti, wala la mama yangu, ambalo lingemwonyesha kuwa ni mtoto wangu. Alikuwa amempanga kwenye foleni ya watoto wake, nyuma yangu. Ni msichana wa sekondari sasa, mwenye masikio yale yale. Huja hapa paani wakati wa likizo kunitazama nikisugua, na huniita dada.

Baba hakuwa amedanganya. Mtoto alibatizwa, na alienda kwa gari.

Maji yalipomgusa alilia, na kilio kikageuka kikohozi, kile kirefu, ambacho hakuna mtu mwingine kanisani aliyekuwa akiamka kwa ajili yake. Mama alimtikisa vibaya. Kanisa likaitikia amina. Nami nikaitikia, kutoka mlangoni, kwa sauti kubwa kuliko wote, ili mwanangu asikie niko wapi. Alinisikia. Akanyamaza, akainua kichwa kutoka kwenye shali, akaanza kunitafuta kwa macho. Mama akaweka mkono juu ya kile kikofia, akamgeuza uso upande wa pili.